Utumbo wa mbuzi hukaguliwa. Wako umekaguliwa lini?

Huenda nyama ya mbuzi uliyoila Jumapili iliyopita ilianza safari yake Oldonyiro.

Oldonyiro ni kituo cha biashara kilicho upande wa magharibi wa kaunti ya Isiolo. Ni mahali pakavu, na wakazi wake wengi ni Wasamburu na Waturkana ambao mali yao ni mifugo. Siku ya mnada wafugaji huswaga mbuzi, kondoo na ng'ombe hadi sokoni, na wanunuzi kutoka mijini hufika na malori yao. Hakuna mnunuzi anayetoa pesa kabla ya kukagua. Mbuzi hufunguliwa kinywa ahesabiwe meno. Hushikwa mgongo ijulikane kama ana mnofu. Huinuliwa mkia ionekane kama anaharisha.

Mbuzi huyo akifika mjini na kuchinjwa, ukaguzi huanza upya. Mkaguzi wa nyama hupasua ini, hupapasa mapafu, na kuyageuzageuza matumbo kabla ya kupiga muhuri. Isitoshe, miongoni mwa Waturkana wako wazee ambao tangu jadi huusoma utumbo wa mbuzi aliyechinjwa, wakitafuta humo habari za mvua, maradhi au vita vinavyokuja.

Sasa jiulize swali moja. Wewe uliyemla mbuzi huyo aliyekaguliwa mara mbili au tatu, utumbo wako umekaguliwa lini?

Kwa wengi wetu jibu ni kwamba haujakaguliwa hata siku moja. Hiyo ndiyo sababu saratani ya utumbo mpana hutukuta tumelala. Ni saratani inayokua polepole sana, inayotoa nafasi ya miaka mingi ya kuzuiwa, na ambayo mara nyingi hutibika kabisa ikikutwa mapema. Hata hivyo, wagonjwa wengi katika nchi yetu hufika hospitali wakati nafasi hiyo imekwisha kupita.

Tatizo ni kubwa kiasi gani?

Kulingana na makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka wa 2022 watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana, na wengine wapatao 900,000 walifariki kutokana nayo. Kati ya saratani zote, ni ya pili kwa kuua, ikitanguliwa na ya mapafu tu.

Nchini Kenya, shirika hilo lilikadiria kuwa mwaka huohuo wa 2022 kulikuwa na wagonjwa wapya wa saratani za kila aina zaidi ya 44,000, na vifo zaidi ya 29,000. Saratani za matiti, mlango wa kizazi, tezi ya kiume na umio ndizo zinazosikika zaidi, lakini ile ya utumbo mpana haiko nyuma sana.

Wakenya wengi waliusikia ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka wa 2019. Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alijitokeza hadharani mapema mwaka huo akaeleza kuwa alikuwa na saratani iliyofika hatua ya nne. Alikuwa amekwenda kutibiwa Ufaransa. Alifariki Julai 26, 2019, akiwa na umri wa miaka 41. Mwaka uliofuata, mwigizaji wa Marekani Chadwick Boseman alifariki kwa ugonjwa huohuo akiwa na miaka 43. Mwanasoka mashuhuri Pele naye aliondolewa uvimbe kwenye utumbo mpana mwaka wa 2021, akafariki Desemba 2022 akiwa na miaka 82.

Tazama umri wa hao wawili wa kwanza. Huu si ugonjwa wa wazee peke yao.

Ni ugonjwa gani huu?

Chakula kikitoka tumboni huingia katika utumbo mwembamba, ambako mwili hufyonza sehemu kubwa ya virutubisho. Mabaki hupita katika utumbo mpana, ulio na urefu wa karibu mita moja na nusu. Huko maji hufyonzwa na kinyesi huundwa, kisha hukaa katika sehemu ya mwisho kikisubiri kutolewa.

Ukuta wa ndani wa utumbo huo hujifanyiza upya kila mara. Chembe kuukuu hufa na mpya huchukua nafasi yake. Wakati mwingine chembe fulani hukosea hesabu, zikaendelea kuzaana pasipo sababu. Hapo huota kinundu kidogo, mfano wa chunjua au uyoga mdogo. Kinundu hiki hakiumi. Mtu aweza kuishi nacho miaka mingi bila kujua kipo.

Vinundu vingi havigeuki kuwa saratani. Vichache hugeuka, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka kumi hivi. Kwanza kinundu hukua, kisha chembe zake huharibika zaidi, halafu hupenya ukuta wa utumbo, hufika kwenye tezi zilizo karibu, na hatimaye husafiri kwa damu hadi kwenye ini au mapafu.

Hiyo miaka kumi, msomaji, ndiyo zawadi tuliyopewa. Kinundu kikionekana ndani ya muda huo hukatwa siku hiyohiyo, na saratani ambayo ingekuja haiji tena. Ni magonjwa machache sana ya saratani yanayotupa fursa kama hiyo.

Nani yumo hatarini?

Jambo la kwanza ni umri. Hatari huongezeka kadiri miaka inavyosonga, hasa baada ya 45. Hata hivyo, katika hospitali zetu sehemu isiyo ndogo ya wagonjwa huwa hawajafika miaka 50, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi wengi ni vijana.

La pili ni ukoo. Ikiwa mzazi, ndugu au mtoto wako aliwahi kuugua saratani hii, hatari yako ni kama mara mbili ya mtu mwingine. Ziko pia jamaa chache ambazo hurithishana kasoro inayoleta ugonjwa huu mapema sana, hata kabla ya miaka 30. Kwa sababu hiyo, usiposema kilichomuua baba yako, unawanyima watoto wako habari inayoweza kuwaokoa.

La tatu ni maradhi ya muda mrefu ya utumbo, yale yanayosababisha vidonda na uvimbe ndani yake kwa miaka mingi. Mtu mwenye maradhi hayo hufuatiliwa na daktari kwa utaratibu wake maalumu.

La nne ni namna tunavyoishi. Hapa yafaa tusimulie kisa cha daktari mmoja.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka wa 1946. Alifanya kazi Lira, kisha katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, hadi miaka ya 1960. Katika miaka hiyo yote aliona kuwa maradhi ya utumbo mpana yaliyojaa hospitali za Ulaya yalikuwa nadra kwa Waafrika wa mashambani. Mwaka wa 1971 alichapisha maelezo yake. Alisema kuwa chakula cha watu hao kilikuwa na nyuzinyuzi nyingi kutoka katika nafaka, maharagwe na mboga. Choo chao kilikuwa kingi na laini, kikapita haraka, na sumu zilizomo hazikupata muda wa kuugusa ukuta wa utumbo.

Si kila alilosema Burkitt limesimama kama alivyolisema, lakini kiini chake kimethibitika. Chakula chenye nyuzinyuzi na nafaka isiyokobolewa hupunguza hatari ya saratani hii.

Kisa cha Burkitt kimetudhuru kwa njia moja. Watu wengi, hata baadhi ya wahudumu wa afya, walibaki na imani kuwa saratani ya utumbo ni ugonjwa wa Wazungu. Imani hiyo ilikuwa na msingi zamani. Lakini Mwafrika ambaye Burkitt alimwona alilima kwa jembe, akala mtama na maharagwe, akatembea maili nyingi kwa siku. Je, ndivyo unavyoishi wewe?

Vipi kuhusu nyama?

Msomaji anaweza kuuliza, mbona wafugaji wa Oldonyiro hawakuishi kwa mtama wala mboga? Ni kweli. Chakula chao cha jadi ni maziwa, nyama na damu ya mifugo. Lakini tusichanganye mambo. Kwanza, chakula cha kila siku cha mfugaji kilikuwa maziwa kuliko nyama. Mnyama ni mali, hachinjwi ovyo. Utafiti umeonyesha kuwa maziwa yaelekea kupunguza hatari ya saratani hii. Pili, mfugaji hutembea kutwa nzima nyuma ya mifugo, na mazoezi ya mwili ni kinga kubwa ya utumbo mpana.

Sasa mwangalie mwanawe aliyehamia Nairobi. Nyama anaila pengine zaidi ya baba yake, maziwa anayaweka kidogo kwenye chai, na siku nzima ameketi ofisini, ndani ya matatu, kisha mbele ya televisheni. Asubuhi amekula mkate mweupe na soseji. Jioni ameagiza nyama choma na bia. Amechukua nyama ya nyumbani akaacha mwendo wa nyumbani.

Mwaka wa 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka nyama za kusindikwa, kama vile soseji, bekoni na hemu, katika kundi la vitu vinavyojulikana wazi kusababisha saratani. Lilikadiria kuwa kula gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida, yaani ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe, iliwekwa katika kundi la vitu vinavyoelekea kuisababisha. Aidha, nyama inapoungua juu ya makaa hutoa kemikali zinazoweza kuharibu chembe za mwili.

Hatusemi uache nyama choma. Wataalamu wa lishe wanashauri mtu asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa juma. Kwa hiyo watu wawili wanaoketi na kumaliza kilo mbili za mbuzi, hata ukitoa mifupa, kila mmoja wao anakaribia kipimo cha juma zima kwa mlo mmoja. Ikiwa ni sherehe ya mara mojamoja, hakuna neno. Ikiwa ni kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, fikiria tena. Kachumbari ile ya pembeni iongezwe, na sehemu zilizoungua zikatwe zitupwe.

Mengine yanayoongeza hatari ni pombe, sigara, unene uliopita kiasi hasa wa tumbo, na ugonjwa wa kisukari.

Dalili za kuangalia

Kinundu hakina dalili. Hata saratani changa mara nyingi haina. Ikianza kukua, haya ndiyo mambo yanayoweza kuonekana:

Damu katika choo, iwe nyekundu au ya rangi iliyokolea kama lami.

Mabadiliko ya choo yanayodumu majuma kadhaa, kama vile kuharisha, kufunga choo, au vyote viwili kwa zamu.

Choo kuwa chembamba kuliko kawaida yako, au kuhisi kuwa hujamaliza hata baada ya kutoka msalani.

Maumivu ya tumbo au kujaa gesi kusikoisha.

Kupungua uzito bila sababu.

Uchovu, kizunguzungu na upungufu wa damu.

Dalili hiyo ya mwisho huwapotosha wengi. Uvimbe ulio upande wa kulia wa utumbo huvuja damu kidogokidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kuiona. Mwanamume mtu mzima, au mwanamke aliyekwisha koma hedhi, akipatikana na upungufu wa damu, haitoshi kumpa vidonge vya kuongeza damu na kumwambia ale mboga. Lazima iulizwe damu inakwenda wapi. Mtungi unaovuja haujai kwa kuongezewa maji.

"Ni bawasiri tu"

Hapa ndipo watu wengi hupotelea. Chukua mfano huu, ambao tumeutunga ili kueleza jambo.

Tuseme yuko mzee wa miaka 58 anayeuza mbuzi Oldonyiro. Kwa miezi minne sasa ameona damu anapokwenda haja kubwa. Mwanzoni alidhani ni amiba, akanunua dawa dukani. Kisha akaambiwa ni bawasiri kwa sababu ya kukaa sana juu ya lori. Akachemsha mizizi, akanywa na supu. Damu ikapungua juma moja, ikarudi. Suruali imeanza kumlegea kiunoni.

Binti yake anayefanya kazi Nairobi hupiga simu kila Jumapili.

"Baba, mbona sauti yako imechoka?"

"Ni jua tu, mwanangu. Mbuzi wamepanda bei kidogo, tumshukuru Mungu."

Atasema nini zaidi? Kwa mila zetu, si jambo la heshima mzee kumsimulia binti yake habari za choo. Binti naye haulizi. Miezi mingine mitatu inapita. Siku moja tumbo linavimba na kufunga kabisa. Mzee anabebwa kwa gari hadi Isiolo usiku, kisha anapelekwa mbele zaidi. Anapofanyiwa upasuaji, uvimbe umekwisha ziba utumbo na mbegu zake zimefika kwenye ini.

Katika kisa hiki hakuna mtu mbaya. Liko kosa moja tu, nalo ni kukisia. Damu ya bawasiri na damu ya saratani haziwezi kutofautishwa kwa kuziangalia. Isitoshe, mtu aweza kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja. Kweli, mara nyingi damu hiyo hutoka kwenye bawasiri au michubuko. Lakini neno "mara nyingi" si kipimo. Daktari asiyekupima kwa kidole au kwa chombo hajajua bado, na wewe hujajua.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ikiwa ni vigumu kumwambia mwanao, mwambie mtu wa rika lako, naye amwambie mwanao wa kiume au mkweo. Njia za heshima zipo. Na wewe kijana uliye mjini, usiridhike na jibu la "ni jua tu." Mtume mjomba au rafiki wa mzee akaulize kwa niaba yako.

Uchunguzi hufanywaje?

Yafaa kwanza kutofautisha mambo mawili. Mtu mwenye dalili tulizotaja anahitaji kuonwa na daktari ili atafutiwe chanzo. Asitegemee kipimo kidogo cha kinyesi peke yake. Uchunguzi wa mapema ni kwa ajili ya mtu asiye na dalili yoyote, anayejiona mzima. Huyo ndiye anayefaidika zaidi.

Njia ya kwanza ni kupima kinyesi. Mtu hupewa kichupa chenye kijiti, huchukua kiasi kidogo cha kinyesi nyumbani, kisha hukirudisha. Maabara hutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Kipimo hiki hurudiwa kila mwaka.

Kuna cha zamani na kipya, na tofauti yake ni muhimu kwa walaji nyama. Kipimo cha zamani hakitofautishi damu ya binadamu na ya mnyama. Mtu aliyekula nyama nyekundu, au mfugaji aliyekunywa maziwa yaliyochanganywa na damu, angeweza kuonekana anavuja damu hali si kweli. Ndiyo maana hutakiwa kujizuia kwa siku kadhaa kabla. Kipimo kipya hutafuta damu ya binadamu peke yake, hivyo hakuna haja ya kubadili chakula. Uliza ni kipi utakachopewa.

Kipimo kikionyesha damu, haina maana kuwa una saratani. Maana yake ni kwamba lazima utumbo utazamwe. Aidha, kikiwa safi hakikupi cheti cha maisha. Ndiyo sababu hurudiwa.

Njia ya pili ni kutazama ndani kwa mrija mwembamba unaopindika, wenye kamera nchani. Siku moja kabla hutakula chakula kigumu, na utakunywa dawa ya kuharisha ili utumbo usafike. Wengi husema sehemu hiyo ndiyo yenye taabu. Siku yenyewe utapewa dawa ya kutuliza au ya usingizi, na mrija huingizwa kupitia njia ya haja kubwa. Kazi yenyewe huchukua kama nusu saa. Daktari akiona kinundu hukikata papo hapo kwa waya mdogo, na hutasikia maumivu kwa kuwa ndani ya utumbo hakuna hisi ya kukatwa. Utumbo ukiwa safi, kwa mtu wa hatari ya kawaida, kipimo hiki hakirudiwi hadi baada ya miaka kumi.

Yako madhara machache. Mara chache sana utumbo hutoka damu au hutoboka. Kwa hiyo kifanywe na mtaalamu mwenye uzoefu, mahali penye uwezo wa kutoa huduma ya dharura.

Nianze nikiwa na umri gani?

Kwa miaka mingi madaktari walisema 50. Mwaka wa 2021 jopo la wataalamu linaloshauri serikali ya Marekani liliushusha hadi 45, kwa sababu wagonjwa wenye umri mdogo walikuwa wakiongezeka. Hapa kwetu, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani mwaka wa 2018, na ya utumbo mpana ni mojawapo ya saratani zilizomo.

Mwenye jamaa wa karibu aliyeugua aanze akiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao jamaa huyo alikutwa nao, ikitegemea kipi kinatangulia. Mathalani, ikiwa kaka yako aligunduliwa akiwa na miaka 42, wewe anza ukiwa na 32.

Tusifiche ukweli wa mambo. Mkazi wa Nairobi, Mombasa au Eldoret yuko karibu na hospitali zenye kamera za utumbo. Mkazi wa Oldonyiro sivyo. Barabara ni ndefu na ya vumbi, na katika kituo kidogo cha afya mhudumu hana mashine hiyo. Lakini ana mikono, masikio na kalamu. Aweza kuuliza, kupima kiwango cha damu, kupapasa tumbo, na kuandika barua ya rufaa. Mgonjwa mwenye barua aliyefika mapema ana matumaini kuliko aliyeletwa usiku tumbo likiwa limefunga. Na kichupa kidogo cha kinyesi ni rahisi kusafirisha kuliko kamera. Hiki ndicho kipimo ambacho kaunti za wafugaji zingefaa kuanza nacho.

Kuhusu gharama, zinatofautiana kutoka hospitali moja hadi nyingine. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ya NHIF ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kabla ya kwenda, uliza hospitali ni sehemu gani italipwa na bima na ni ipi utaitoa mfukoni.

Ikikutwa, je?

Matibabu makuu ni upasuaji, ambapo kipande cha utumbo chenye ugonjwa hukatwa na ncha mbili zilizobaki huunganishwa. Hatua ikiwa imesonga, mgonjwa huongezewa dawa kali za saratani, na kwa uvimbe ulio karibu na njia ya haja kubwa, mionzi pia. Baadhi ya wagonjwa huhitaji kutolea choo kwenye mfuko uliobandikwa tumboni, pengine kwa miezi michache tu, pengine daima. Watu huuogopa mfuko huo kuliko kaburi. Lakini wako wanaouvaa, wakaenda kazini, wakasali, wakacheza na wajukuu, na jirani asijue.

Tofauti kati ya mapema na kuchelewa ni kubwa mno. Kwa takwimu za Marekani, katika kila wagonjwa kumi ambao saratani yao ilikutwa bado imo ndani ya utumbo, tisa huwa hai baada ya miaka mitano. Kwa wale ambao imefika kwenye ini au mapafu, ni kama mmoja au wawili tu. Ni ugonjwa uleule. Kilichotofautiana ni siku ulipokutwa.

Ufanye nini juma hili?

Kwanza, kama umeona damu katika choo, usingoje hadi mwisho wa mwezi. Nenda ukaonwe, na umwambie daktari waziwazi imedumu muda gani. Kama amekuambia ni bawasiri bila kukupima, mwombe kwa adabu akupime.

Pili, kama umefika miaka 45, uliza kipimo cha kinyesi hata kama huumwi popote.

Tatu, zungumza na wazee wa ukoo ujue nani aliugua nini, na akiwa na umri gani. Andika.

Nne, ugali wa unga usiokobolewa, githeri, maharagwe, sukuma wiki na matunda yapate nafasi kubwa sahanini kuliko nyama. Tembea angalau nusu saa kila siku. Shuka matatu kituo kimoja kabla ya chako. Acha sigara, punguza pombe.

Tano, kama una mzazi shambani au katika nchi ya ufugaji, mpigie simu leo. Usimwulize tu bei ya mbuzi. Mwulize kama suruali bado inamkaa.